Kiingereza Mlangoni pa Kazi: Maswali ya Watu wa Malindi na Kilifi

Kuanzia Mtwapa hadi Marereni, matangazo mengi ya kazi hubeba sharti moja: mwombaji awe fasaha katika Kiingereza cha kuzungumza na kuandika. Sharti hilo huwekewa meneja wa hoteli, na huwekewa pia mfua mashuka. Wapo vijana wa Ganze, Bamba na Magarini ambao wakishalisoma huondoka bila kuuliza lolote. Wengine hujikaza hadi kwenye mahojiano, wakaambiwa wajieleze, na kazi wanayoijua barabara ikawakwama kooni. Haya ni baadhi ya maswali yanayosikika mara kwa mara, na majibu yake kwa mujibu wa sheria za Kenya.

Je, mwajiri anaweza kuninyima kazi kwa kuwa sijui Kiingereza?

Inategemea kazi yenyewe. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na lugha imetajwa humo waziwazi. Katazo hilo haliifungi serikali peke yake. Linamfunga kila mtu. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inawakataza waajiri jambo hilohilo, na inamlinda aliyekwisha kuajiriwa pamoja na anayeomba kuajiriwa.

Lakini kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kuweka sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Hapo ndipo pa kukaza macho. Mtu wa mapokezi katika hoteli ya Watamu anajibu simu na barua pepe za wageni kutoka ng'ambo. Dereva anayewapeleka watalii Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala anatakiwa awaeleze wanachokiona na jinsi ya kujikinga. Hao Kiingereza, au lugha nyingine ya wageni, ni sehemu ya kazi yao, na mwajiri hana kosa akikidai. Sasa mtazame anayekusanya chumvi Gongoni, anayekata mkonge Vipingo, au anayeparua samaki nyuma ya jiko. Siku nzima ya kazi yake Kiingereza kinaingia saa ngapi?

Kwa maoni yangu, waajiri wengi hawaweki sharti hili kwa ubaya. Hunakili tangazo la mwenzao, au hutafuta njia nyepesi ya kupunguza rundo la barua zilizo mezani. Hata hivyo sheria inakataza ubaguzi wa waziwazi na ule unaopitia mlango wa nyuma, na jambo likifika mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na ubaguzi uko juu ya mwajiri.

Naweza kuandika barua ya kazi, au kuhojiwa, kwa Kiswahili?

Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa kifungu cha 7 cha Katiba ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Barua ya Kiswahili, basi, imeandikwa kwa lugha rasmi ya nchi. Tangazo likidai barua ya Kiingereza, peleka ya Kiingereza, usije ukaachwa kwa jambo dogo. Mtu akikusaidia kuiandika, hakikisha unajua kila neno lililomo, maana utaulizwa. Katika mahojiano, omba Kiswahili mwanzoni, kabla hujaanza kubabaika. Ombi hilo si utovu wa adabu.

Mbona nimesoma miaka yote hiyo na Kiingereza hakitoki?

Swali hili huulizwa kwa aibu, na aibu hiyo haifai kuwa ya muulizaji. Sera ya elimu nchini inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi, kisha kuanzia darasa la 4 masomo yaendeshwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Langobaya anaingia darasani na Kigiriama, anaongezewa Kiswahili, na kabla hajatulia anaanza kufundishwa hesabu na sayansi kwa lugha ambayo nyumbani haizungumzwi na mtu. Katika shule nyingi aliyepatikana akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Watoto walijifunza jambo moja haraka sana: aliyenyamaza hakosei.

Matokeo yake ni watu wengi wanaokisoma Kiingereza, wakakiandika vya kutosha kupita mtihani, lakini hawajawahi kukizungumza kwa dakika 10 mfululizo na mtu asiyewasahihisha. Mwenzao wa Nairobi aliyelelewa nacho sebuleni anaonekana hodari zaidi mbele ya meza ya mahojiano, hata kama kazi yenyewe haijui. Mwajiri anayepima watu kwa wepesi wa ulimi, mara nyingi anachopima ni mahali walikolelewa.

Mtu mzima anaweza kujifunza lugha ya kazi?

Malindi ndipo mahali pa mwisho duniani pa kuuliza swali hilo. Waitaliano walianza kuja kwa wingi katika miaka ya 1960, pamoja na mradi wa anga wa San Marco huko Ngomeni. Kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine ya Marekani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya taifa letu. Baada ya wahandisi zikaja hoteli, nyumba za likizo na mikahawa. Leo weita, muuza vinyago, mwosha bwawa na mama anayeuza vikoi ufukweni wanapatana bei kwa Kiitaliano, na wengi wao hawakukaa darasani hata siku moja kukisoma.

Walikipataje? Walianza na kile walichokihitaji: salamu, bei, chakula, chumba, njia. Walikosea mbele ya mteja, mteja akacheka nao, wakaendelea. Tofauti kubwa kati ya lugha hiyo na Kiingereza ni kwamba Kiitaliano hakikuja na kiboko. Ukikosea Kiitaliano, Mwitaliano anafurahi kwamba umejaribu. Ukikosea Kiingereza, anayekucheka ni Mkenya mwenzako, na huenda yeye ndiye aliyeketi upande wa pili wa meza.

Basi ushauri wangu ni huu: usianze na Kiingereza chote, anza na cha kazi yako. Mpishi ajue majina ya vyakula, vipimo, na namna ya kuuliza kama mgeni ana chakula kinachomdhuru. Mlinzi wa lango ajue kumpokea mgeni na kuandika katika kitabu cha matukio nani ameingia, saa ngapi, na gari namba gani. Kwa mahojiano, jifunze kueleza mambo manne tu: ulifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani, na uliiacha kwa nini. Yaseme kwa sauti hadi ulimi uzoee; kuyasoma kimoyomoyo hakutoshi. Aliyeacha shule mapema aulizie madarasa ya gumbaru karibu naye. Na fundi wa mkono, awe wa umeme, useremala au uashi, afikirie mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambao una ngazi ya 3 hadi ya 1 na unapima kazi. Cheti chake husema yale ambayo ulimi umeshindwa kuyasema.

Lugha nyingine ninazozijua zina faida yoyote?

Zinayo, na watu wengi huzisahau kwenye CV zao. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoko Kilifi tangu 1989, huwategemea wafanyakazi wa nyanjani wanaoweza kukaa na mama kijijini na kumweleza utafiti kwa Kiswahili au Kigiriama kabla hajakubali kushiriki. Hapo Kigiriama ni sifa ya kazi. Andika lugha zako zote, Kichonyi na Kiitaliano cha ufukweni pia, na useme kama unazungumza tu au unaandika vilevile.

Nimepewa mkataba wa Kiingereza nitie sahihi sasa hivi. Nifanyeje?

Usitie sahihi jambo usilolielewa. Kazi ya miezi 3 au zaidi ni lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Hilo halitegemei hisani ya bosi. Alama ya kidole gumba ina nguvu sawa na sahihi, kwa hiyo usiibonyeze kwa haraka ukidhani haihesabiki. Omba nakala, au uipige picha kwa simu.

Kinga hii inaendelea hadi mwisho wa kazi. Kabla ya kukufukuza kwa kosa, mwajiri anatakiwa na kifungu cha 41 akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye kikao hicho. Ilani ya kuachishwa kazi nayo, usipoielewa, ni lazima ufafanuliwe kwa mdomo. Waliofukuzwa kwa barua ya Kiingereza wakaambiwa "kaisome nyumbani" hawakutendewa kisheria.

Nimekataliwa kwa sababu ya Kiingereza na kazi haikihitaji. Niende wapi?

Kwanza hifadhi ushahidi: tangazo la kazi, ujumbe wa simu, tarehe ya mahojiano, na maneno uliyoambiwa, uyaandike siku hiyohiyo. Kisha nenda afisi ya leba. Mambo yasipotatuliwa huko, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Malindi pia. Muda wa kushtaki ni miaka 3, lakini usisubiri, kwa kuwa mashahidi huhama na matangazo hung'olewa ukutani.

Ni kinaya kwamba kumbukumbu za mahakama zetu bado huandikwa kwa Kiingereza, hata kesi inapohusu Kiingereza. Hilo lisikutishe. Kortini una haki ya kusema kwa Kiswahili na kutafsiriwa, na katika afisi ya leba unaweza kueleza malalamiko yako kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.