Jumanne: Swali Linalomfungua Mwanafunzi

Soma Luka 10:25–37. Mwanasheria alimwuliza Yesu swali. Yesu alimjibu kwa njia gani, na kwa nini?

Mwanasheria alikuja kumjaribu Yesu, lakini Yesu hakumhubiria. Alimwuliza torati inasema nini, na yeye mwenyewe anaisoma namna gani. Swali la kwanza lilidai kumbukumbu. La pili lilidai ufahamu. Baada ya kisa cha Msamaria likaja la tatu: kati ya wale watatu, yupi alikuwa jirani? Hapo mwanasheria alilazimika kuamua kwa kinywa chake. Hata kumtaja Msamaria hakumtaja, ila jibu lilikuwa limekwisha kumtoka.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alifundisha darasani kabla ya kuliongoza taifa. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967) alitaka shule zikuze akili ya kudadisi, si kukariri tu.

Darasa la Shule ya Sabato nalo laweza kuishia katika kukariri. Mwalimu wa Bunda akiuliza, "Tumpende jirani, sivyo?" wote huitika, "Ndiyo!" Hakuna aliyefikiri. Lakini akiuliza, "Ng'ombe wa jirani wamekula mahindi yako, na tangu hapo hamsalimiani. Kesho asubuhi utafanya nini?" kimya hutanda.

Mwalimu asiogope kimya hicho, wala asikimbilie kujijibu. Ahesabu moyoni hadi 10. Huenda ndugu aliyeketi nyuma, ambaye hajasema neno tangu robo ianze, anatafuta ujasiri. Akikatizwa leo, Sabato ijayo atanyamaza tena, na siku moja nafasi yake itakuwa tupu.

Jibu likipotoka, mwalimu asimwaibishe. Amwulize kwa upole, "Umeliona katika fungu gani?" Hapo darasa zima litafungua Biblia, na Neno lenyewe litasahihisha.

Soma Mathayo 16:13–16. Kwa nini Yesu aliuliza kwanza watu wanasema nini, ndipo akawauliza wanafunzi wao wanasema nini?

Tafakari: Ni nani katika darasa lako hajasikika robo hii? Andika swali moja utakalomwuliza Sabato hii, ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" wala "hapana".