SOMO LA KILIMO: GOME NI NJIA YA CHAKULA CHA MBUNI

Mti wa kahawa, yaani mbuni, una njia mbili za kusafirisha mahitaji yake. Njia ya kwanza imo ndani ya mbao ya shina. Mizizi hunyonya maji yaliyoyeyusha naitrojeni, potasi na madini mengine, nayo hupanda hadi majanini. Nguvu ya kuyavuta hutoka juu: majani yanapotoa mvuke mchana, maji mengine hupanda kushika nafasi yake.

Njia ya pili imo katika sehemu laini ya ndani ya gome. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, nayo hupitia humo kwenda kwenye matunda na mizizi.

Kwa hiyo mbuni uliobanduliwa gome kuzunguka shina haunyauki mara moja. Maji yangali yanapanda, na mkulima hudhani umenusurika. Kumbe mizizi imekatiwa chakula. Akiba yake ikiisha hufa, na mti hukauka.

Wanachama wanakumbushwa wasilime kwa jembe karibu na shina, wasifunge mbuzi kwenye mibuni, tena wakague mara kwa mara sehemu ya chini ya shina. Unga wa mbao hapo ni dalili ya bungua mweupe, ambaye funza wake hula gome kwa kulizunguka shina.