Jokofu ni Hamali wa Joto

Mtungi wa udongo hupoza maji hata jua likiwa kali. Maji kidogo hupenya katika udongo, hutoka nje kama jasho, na yakigeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Jokofu nalo hufanya kazi yake kwa njia iliyo karibu na hiyo. Katika mabomba yake mna gesi, ambayo pampu huibana mpaka ikawa maji. Maji hayo yafikapo ndani ya jokofu hugeuka tena gesi, na katika kugeuka huchukua joto la chakula. Joto hilo hutolewa kwa mabomba ya nje. Basi jokofu halitengenezi baridi. Ni hamali alichukuaye joto ndani na kulitua nje. Ujira wake ni umeme.

Mama mmoja mjane wa Mombasa, muuza maziwa, alikwenda dukani kununua jokofu, pamoja na mwanawe wa darasa la sita. Wakaona majokofu mawili yaliyo sawa kwa ukubwa. Bei ya la kwanza ilikuwa shilingi 30,000, na ya la pili 38,000. Mama alikuwa na shilingi 34,000 katika pindo la leso, akaanza kulifungua ili alipie la kwanza.

“Mama, tafadhali ngoja kidogo,” akasema mtoto. “Tusome vibandiko kwanza.”

Katika nchi ya Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016, majokofu ya nyumbani hubandikwa karatasi yenye nyota, tangu moja hadi tano. Kadiri nyota zilivyo nyingi, ndivyo umeme utumikao ulivyo mchache. La kwanza lilikuwa na nyota moja, nalo hutumia uniti 480 kwa mwaka. La pili lilikuwa na nyota nne, nalo hutumia uniti 280.

Mtoto akapiga hesabu. “Tofauti ni uniti 200. Ikiwa uniti moja ni shilingi 25, hizo ni shilingi 5,000 kila mwaka. Zile 8,000 tutakazoongeza leo zitarudi kabla ya miaka miwili kwisha. Lakini hili la kwanza, katika miaka kumi, litatutoza shilingi 50,000 zaidi.”

Mama akafikiri, kisha akafunga tena pindo la leso yake. “Mwanangu, umesema kweli. Na tungoje.” Akaendelea kununua barafu miezi miwili mingine, huku akiweka akiba, ndipo akarudi kulichukua jokofu la nyota nne.

Nyumbani hakulisahau jambo la hamali. Aliliweka mbali na jiko na mbali kidogo na ukuta, ili joto lipate njia ya kutoka. Maziwa yaliyochemshwa aliyaacha yapoe kwanza. Tena mara kwa mara alibana karatasi katika mlango: ikiteleza na kutoka kwa urahisi, mpira wa mlango umechakaa, na baridi yapotea.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza.

MASWALI
1. Kwa nini jokofu huitwa hamali?
2. Jokofu moja hutumia uniti 350 kwa mwaka na jingine 260. Ikiwa uniti moja ni shilingi 25, tofauti ya gharama kwa mwaka ni kiasi gani?
3. Mama alipata hasara gani kwa kungoja, na faida gani?