Somo la Vikundi: Pesa ya Mlezi Hupita Mikono Mingapi?



Tukitembelea vikundi, wazazi hutuuliza: "Binti yetu yuko Marekani, anatunza wazee majumbani, analipwa dola. Mbona hatumi kitu?" Wengine wameuza ng'ombe wamsafirishe, na sasa hawasemezani naye. Kabla ya kumhukumu, tuone pesa yake inatoka wapi.

1. Kazi. Mlezi humwogesha mzee, humvika, humlisha, humpeleka choo na kumgeuza kitandani. Si mchezo, ni kazi ya mgongo.

2. Nani analipa? Mara nyingi ni Medicaid, mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1965 kwa watu wa mapato madogo. Serikali kuu na jimbo huchanga pamoja. Jimbo ndilo hupanga bei ya saa moja, na kwa kawaida pesa huenda kwa kampuni iliyomwajiri mlezi, si kwake. Kampuni hairuhusiwi kumdai mgonjwa nyongeza. Kwa hivyo bei ya jimbo ikikaa chini, mshahara nao unakwama.

3. Tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, jimbo linatoa dola 25 kwa saa. Kampuni ikitoa ya ofisi, msimamizi, bima na faida, mlezi abaki na 16. Hapo bado ushuru, kodi ya nyumba na nauli, zote kwa bei ya huko. Mei 2024, nusu ya walezi wa Marekani walipata chini ya kama dola 17 kwa saa.

4. Sheria. Sheria ya mwaka 1974 iliwaacha walezi wengi nje ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Mama Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaica aliyetunza wazee New York, alishtaki, akashindwa katika Mahakama Kuu Zaidi mwaka 2007. Lakini kilio hakikupotea: kanuni ya mwaka 2013 iliwaingiza walezi wa kampuni. Julai 2025, wizara ya kazi ilipendekeza kuifuta. Tena mwaka 2024 ilitolewa kanuni nyingine, kwamba katika kila dola 100 za Medicaid za huduma hizi, 80 zitumike kulipa wafanyakazi. Majimbo yalipewa miaka sita. Kampuni nyingi zilipinga, zikisema 20 haitoshi kuendesha ofisi.

Funzo ni hili: usiulize tu serikali imetoa ngapi, uliza ngapi imefika mkononi.

Maswali ya kujadiliana

(a) Kabla ya harambee ya kumsafirisha kijana, tumemwuliza atalipwa ngapi kwa saa, na saa ngapi kwa wiki?

(b) Mwaka 2023 serikali yetu ilipanga posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa wahudumu wa afya ya jamii: 2,500 za serikali kuu, 2,500 za kaunti. Je, wa kijiji chetu anazipata zote, na kwa wakati?

(c) Anayemgeuza nyanya kitandani hapa kwetu, sisi tunamlipa nini?