Mshindani wako anatafuta wafanyakazi gani?

Mimi nauza mashuka na mapazia mtandaoni, na kwa wenzangu wakubwa sifuatilii sana bei. Bei wanabadilisha hata kesho. Nafuatilia matangazo yao ya kazi. Mtu akitangaza anataka mafundi cherehani wanne, ujue anaanza kushona mwenyewe, na muda si mrefu anaweza kushusha bei. Akitafuta msimamizi wa duka Mwanza, wateja wako wa Mwanza washike vizuri kuanzia leo.

Sasa usikae unapekua kila siku, utachoka. Ingia Google Alerts, ni bure. Andika jina la biashara yao ndani ya alama za kunukuu, ongeza neno kazi, chagua ikuletee kwenye imeili mara moja kwa wiki. Posti za Instagram haizikamati vizuri, kwa hiyo huko fungua ukurasa wao, bonyeza kengele, washa taarifa za posti. Status za WhatsApp ni macho yako tu, ndugu yangu.

Ila tangazo moja lisikutie presha, huenda mtu kaacha kazi tu. Mimi nashtuka nikiona nafasi ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Na usijifanye unaomba kazi ili uwachimbe, soma walichoweka hadharani.