Trekta dogo la mtumba: kagua kabla ya kulipa

Kanja, kando ya barabara ya Embu–Meru, chai na kahawa zimeshika miteremko. Trekta dogo lenye koleo mbele na mkono wa kuchimba nyuma hupenya mahali JCB kubwa haipiti.

• Fika injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema huenda anaficha kitu.

• Usiamini mita ya saa pekee; tazama pedali zilivyolika.

• Inua koleo lenye mzigo, zima injini, kaa mbali. Likishuka upesi, haidroliki inavuja ndani.

• Tikisa ncha ya mkono wa nyuma. Ukichezacheza, pini na bushi zimekwisha. Hapa ndipo mfuko huumia.

• Tafuta uvujaji wa mipira ya haidroliki kwa kadibodi, kamwe si kwa kiganja: mafuta yenye presha hutoboa ngozi.

• Kubota na Yanmar zilizotumika Japani huja na vibandiko vya Kijapani. Ulizia vipuri kwa namba ya modeli kwanza.

• Hakikisha umiliki kwa NTSA, kupitia eCitizen.

• Mteremkoni, beba koleo chini. Ukiondoa mkono wa kuchimba, weka uzito mwingine nyuma. Fremu ya kumkinga dereva bila mkanda ni nusu kazi.