Daktari wa maumivu hutibu nini hasa?

SWALI: Tumesikia kwamba hospitali ndogo iliyo karibu nasi itapata daktari wa maumivu. Nyanya yangu alipalilia miwa miaka mingi na sasa mgongo haumpi usingizi. Shangazi yangu naye ana saratani ya matiti, na majirani wanamkataza mofini, eti akishaianza ndio mwisho wake. Kwani si kila daktari hutibu maumivu? Huyu atatuongezea nini? – Msomaji, Kakamega.

JIBU: Kila daktari hutibu maumivu, na kwa wagonjwa wengi hilo hutosha. Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda hufungwa plasta, hupewa dawa, na mfupa ukishaunga maumivu huisha. Lakini kuna maumivu yasiyoondoka hata kidonda kikipona. Yakipita miezi 3 huitwa maumivu sugu, na katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, yamepewa nafasi yake kama ugonjwa.

Taaluma hii ina deni kubwa kwa John Bonica, daktari wa nusukaputi wa Marekani aliyejilipia masomo kwa kupigana mieleka, akaishi na maumivu ya viungo hadi uzeeni. Alipowahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, aliona kuwa baadhi yao hawapati nafuu mikononi mwa daktari mmoja. Akaanza kushauriana na wenzake wa fani nyingine kuhusu mgonjwa huyo huyo, na mwaka 1953 akachapisha kitabu kikubwa juu ya tiba ya maumivu. Hadi leo madaktari wengi wa maumivu ni wa nusukaputi walioongeza masomo, na hufanya kazi bega kwa bega na muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mshauri nasaha.

Nyanya atakapofika kliniki, asishangae kuulizwa maswali mengi. Maumivu ni ngapi, kuanzia 0 hadi 10? Yanadunga, yanabana au yanachoma kama moto? Yanashuka mguuni? Humwamsha usiku? Mtoto asiyejua kuhesabu huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, achague iliyo kama yeye.

Majibu hayo ndiyo huamua dawa. Maumivu ya kuchoma yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, au yanayowasha nyayo za mwenye kisukari, hutokana na mishipa ya fahamu iliyoharibika. Parasetamoli na diklofenaki haziyasaidii sana. Husaidia zaidi amitriptilini kwa kipimo kidogo, ingawa ilitengenezwa kutibu sonona, au gabapentini. Mgonjwa akiandikiwa dawa hizo asidhani ameonekana ana matatizo ya akili.

Mgongo wa nyanya huenda ukahitaji mazoezi kuliko vidonge. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuongeza maumivu. Hatari kubwa ni diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kwenye kemisti wiki baada ya wiki bila kupimwa: huleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu, huumiza figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Parasetamoli nayo, kwa mtu mzima, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini apate ushauri wa daktari kwanza.

Asisubiri kliniki ikiwa mguu unaishiwa nguvu, sehemu za siri zimekufa ganzi, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Akiwa na homa, jasho la usiku au anakonda bila sababu, achunguzwe mapema, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo.

Katika magharibi mwa Kenya kuna kundi lingine litakalomshukuru daktari huyu: watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika eneo hili. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo ya damu, na mifupa ya mikono, miguu na kifua huuma vibaya mno. Mtoto wa namna hii hapaswi kukaa kwenye foleni akilia. Apewe dawa haraka, anyweshwe maji, awekwe mahali penye joto, na maumivu yakiwa makali hata mofini inamfaa. Akiwa na homa, maumivu ya kifua au akihema kwa shida, akimbizwe hospitalini.

Sasa kuhusu shangazi. Majirani wamemkosea, ingawa nia yao ni njema. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi 3 kwa maumivu ya saratani: kuanza na dawa kama parasetamoli, kupanda hadi kodeini, kisha mofini. Mgonjwa hupewa mofini kwa sababu maumivu ni makali, si kwa sababu siku zake zimekwisha. Wengine huitumia miezi mingi huku wakipika, wakienda kanisani na kulea wajukuu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, hata kabla maumivu hayajarudi. Siku za kwanza inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu, na hufunga choo, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa mwenye saratani, uraibu hutokea kwa nadra.

Jirani zetu Uganda walilielewa hili mapema. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini ukachanganywa na maji kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 kanuni zikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, kuiandika wenyewe. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990, lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma. Tangu hapo huduma imepanuka hadi hospitali za kaunti, na nchi ina sera ya tiba shufaa ya miaka 2021 hadi 2030.

Kwa hiyo, daktari mmoja katika hospitali ndogo ataongeza mengi iwapo hatabaki peke yake. Huenda likizo, huhamishwa, hulala. Faida itabaki ikiwa muuguzi wa zamu ya usiku ataandika kiwango cha maumivu pamoja na joto na presha, na mfamasia ataagiza mofini kabla chupa ya mwisho haijaisha. Wasimamizi wa hospitali na serikali ya kaunti wahakikishe mambo hayo mawili tangu siku ya kwanza.

Na kwako, msomaji: siku ya kliniki weka katika mfuko mmoja dawa zote wanazotumia nyanya na shangazi, za kemisti na za mitishamba pia, pamoja na daftari lenye saa ambazo maumivu huzidi. Mkifika, shangazi aulize waziwazi kuhusu mofini. Na ikiwa maumivu yamemzidi leo, asimngoje daktari mpya; mpelekeni katika hospitali ya rufaa ya kaunti pale Kakamega mjini.